Mtaa wetu umepata lami na magari yanakimbia: tujenge tuta la aina gani?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa hapa Dar es Salaam. Barabara yetu ya mita 600 hivi ilikuwa ya vumbi. Tangu iwekwe lami, madereva wanaokwepa foleni ya barabara kuu wanapita kwa kasi, na watoto wanavuka hapo hapo kwenda shule. Wakazi tumechanga fedha za saruji na kokoto. Je, tuta moja la zege mbele ya shule litatosha, na liwe na kimo gani?

JIBU: Marahaba. Hofu yenu ni ya haki kabisa. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, dereva akichukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki kwenye lami kavu, husimama baada ya mita 13 hivi. Likiwa kwenye 50, huhitaji takriban mita 28. Maana yake ni kwamba mtoto akichomoka mita 13 mbele ya magari hayo mawili, la kwanza linasimama karibu yake, na la pili linamfikia kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Sheria ya Usalama Barabarani inaruhusu kilomita 50 kwenye maeneo ya makazi, lakini kwa mtaa wenye shule mimi ningelenga 30.

Hata hivyo, nawaomba msimwage zege bado, kwa kuwa tuta moja halitatosha. Dereva hupunguza mwendo mita chache kabla ya tuta, akishalivuka hukanyaga mafuta, na mbele ya shule mtabaki na kelele za breki huku mita 500 zilizosalia zikiendelea kama zamani. Kinachotawala mwendo wa barabara nzima ni umbali kati ya tuta na tuta. Yakipangwa kila baada ya mita 60 hadi 100, dereva haoni faida ya kuongeza kasi; kwa barabara yenu hiyo ni matuta saba au manane, la kwanza likiwa karibu na makutano, mahali ambapo gari linaingia likiwa bado polepole.

Kuhusu umbo, kosa ninalolikuta mara nyingi ni tuta fupi na kali, mithili ya gogo lililolazwa barabarani. Tuta la namna hiyo humwadhibu dereva mwangalifu, kwani likipitwa taratibu gari hupanda na kushuka kwa kishindo, ilhali anayekimbia huachia springi na matairi yameze mshtuko. Umbo lililothibitika lilitokana na utafiti uliofanyika Uingereza miaka ya 1970: mgongo wa duara wenye upana wa mita 3.7, ukipimwa kufuata mwelekeo wa gari, na kimo cha milimita 75 hadi 100. Kwa kilomita 25 au 30 hupitika bila shida, hata kwa bajaji iliyombeba mama mjamzito. Kwa 50 humrusha dereva kwenye kiti. Mbele ya geti la shule lingefaa tuta bapa la kimo hicho hicho, lenye michoro ya pundamilia juu yake, ili watoto wavuke wakiwa wameinuliwa na kuonekana.

Maji na bodaboda visisahaulike. Niliwahi kukagua tuta la wakazi lililojengwa kwa mabaki ya zege kutoka ukingo hadi ukingo: mvua ilipokuja, maji yalituama upande wa juu na kuanza kung'oa lami, na usiku halikuonekana kwa sababu halikuwa na rangi wala kibao. Kingo za tuta zishuke taratibu kuelekea mfereji na kuacha nafasi ya maji kupita, lakini pawekwe nguzo fupi, la sivyo bodaboda watapenya kwenye upenyo huo, mahali ambapo watu wanatembea.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo tuta lisilo na kibali chake linaweza kubomolewa, na mtu akiumia hapo mtaulizwa ninyi. Pelekeni barua kwa Meneja wa TARURA wa wilaya kupitia Serikali ya Mtaa, mkiambatisha muhtasari wa kikao na vipimo vya mwendo, na mumweleze kuhusu michango yenu.

Vipimo hivyo mnaweza kuvichukua wenyewe. Choreni mistari miwili ya chaki iliyoachana mita 50, mpimaji akae pembeni asipoonekana kwa urahisi, kisha apime kwa simu muda ambao kila gari na kila pikipiki inatumia kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni kilomita 50. Andikeni vyombo 100, mvipange kuanzia cha polepole zaidi, na mwendo wa chombo cha 85 ndio mtakaoutaja kwenye barua. Matuta yakishajengwa, rudieni kipimo katikati ya tuta na tuta, saa zile zile. Ikiwa chombo cha 85 bado kinatumia chini ya sekunde 6, nafasi hiyo ni ndefu mno, na mwombeni meneja aongeze tuta hapo badala ya kuyainua yaliyopo.