Rupia ya Mjerumani yenye namba 63: usitume pesa bado

Usitume hiyo pesa. Umeuliza kuhusu rupia ya 1892, sarafu ya enzi za Mjerumani, iliyofungwa kwenye kiboksi cha plastiki chenye namba 63, yaani alama ya hali yake iliyotolewa na kampuni ya kupima sarafu. Muuzaji anataka milioni moja na nusu, nawe unataka kujua kama bei ni ya haki. Mimi niliuziwa ya 1890 kwa maneno hayohayo.

Aliyeniuzia alikuwa na kauli moja: "Namba imetoka Marekani, haina mjadala." Mjadala upo, tena mkubwa. Nilipotaka kuiuza, mnunuzi akadai ipimwe na kampuni ya pili. Ikarudi na 58. Rupia ileile! Kuanzia 60 maana yake sarafu haijatumika. 58 imeshapita mikononi mwa watu. Milioni na laki mbili yangu ikageuka laki tano, na yule bwana hapokei simu zangu mpaka leo. Alijua. Anayeishi kwa kuuza sarafu hawezi kukosa kujua kwamba kampuni mbili huweza kuipa sarafu moja namba mbili.

Vipimo hivyo vya 1 hadi 70 vilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Anayetoa namba ni binadamu anayetumia macho, na foleni ya sarafu inamsubiri. Kwenye sarafu za zamani, mmoja anaona chapa iliyopigwa hafifu, mwenzake anaona kuchakaa. Ndiyo maana mwaka 2007 hukohuko Marekani ikaanzishwa kampuni iitwayo CAC, inayokagua upya sarafu zilizokwisha kupewa namba na kuzibandika kibandiko zile inazoona zinaistahili. Kama namba ingetosha, nani angelipia kibandiko?

Kaione mwenyewe. Chukua lenzi ya sonara, baki na balbu moja tu, inamisha kiboksi taratibu. Mng'ao unatakiwa uzunguke bila kukatika. Kazia macho shavu la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani aliyechorwa kwenye sarafu, na tai aliye juu ya kofia yake ya chuma, maana sehemu zilizoinuka ndizo zinazotangulia kulika. Mng'ao ukifika hapo ukafa, pakabaki kijivu, hiyo imetembea sokoni hata kama imeandikwa 65. Chapa ikiwa hafifu tu, mchoro hausomeki vizuri lakini mng'ao unapita juu yake. Na ukiona vijistari vyembamba vimelala upande mmoja, kuna mtu ameisugua.

Yangu ilikuwa imekufa shavuni. Picha niliyotumiwa ilipigwa kwenye mwanga wa kila upande, shavu likaonekana safi kabisa.

Mwambie muuzaji wako akutumie video akiiinamisha chini ya balbu moja, au mkutane Makoroboi, Mwanza, kwa sonara unayemwamini wewe, si wa kwake. Akikwambia kuna mteja mwingine ameshalipa nusu, mimi pia niliambiwa hivyo. Mwache huyo mteja aichukue.