Wakulima walifika, au walikuwa wamefika?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Kwenye muhtasari wa mnada niliandika: "Wakulima walikuwa wamefika saa mbili asubuhi. Mnada ulikuwa umefunguliwa saa nne. Bei ilikuwa imesomwa na wakulima walikuwa wameikataa." Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, amezikata "kuwa" zote kwa kalamu nyekundu. Nilidhani ndivyo yanavyoandikwa mambo yaliyopita. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu katibu, mwenyekiti wako yuko sahihi, ingawa kuna "kuwa" moja ambayo mimi ningeitafutia kazi.

Kulipeleka jambo wakati uliopita, -li- inatosha. "Walikuwa wamefika" ina kazi nyingine: inataka tukio jingine lililopita la kusimamia, ndipo itazame nyuma yake. Chukua kivuko cha Msangamkuu. Ukisema "Nilipofika ufukweni, kivuko kiliondoka," umekiona kinaondoka. Pengine ulipunga mkono na nahodha akakutazama tu. Ukisema "Nilipofika ufukweni, kivuko kilikuwa kimeondoka," umekuta maji matupu. Wa kwanza ana haki ya kumnung'unikia nahodha. Wa pili alaumu usingizi wake.

Mwaka ukitajwa, watu wengi huteleza. "Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003" ni sentensi inayoning'inia, andika "lilifunguliwa". Lakini "Nilipohamia Mtwara mwaka 2005, Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa" imekaa sawa, maana kuhama kwangu ndiko kunakoitegemeza. Habari za pantoni iliyovusha watu mto Rufiji kabla ya daraja hilo nilizikuta midomoni mwa wenyeji.

Sasa muhtasari wako. Kila tukio lina saa yake na yanafuatana, basi: "Wakulima walifika saa mbili asubuhi. Mnada ulifunguliwa saa nne. Bei ilisomwa, wakulima wakaikataa." Ile "kuwa" ninayoitetea ni hii: "Mnada ulipofunguliwa saa nne, wakulima walikuwa wameshafika tangu saa mbili." Hapo msomaji anawaona wamekaa juu ya magunia kwa saa mbili nzima. Kama kuchelewa huko kwa mnada ndiyo hoja ya kikao, iandike hivyo, na umwoneshe mwenyekiti.

Hiyo -sha- nimeitia makusudi. Ni mabaki ya "kwisha": amekwisha kufika, amekwishafika, ameshafika, na kwa kifupi zaidi, keshafika. Umuhimu wake unaonekana kwenye vitenzi kama kulala, kukaa, kusimama na kuvaa. "Nilipoingia, bibi alikuwa amelala" maana yake nilimkuta usingizini, au amejinyoosha tu kitandani. Ni hali aliyokuwa nayo. "Alikuwa ameshalala" inadokeza kwamba nimechelewa, nilitarajia kumkuta macho. Na "Nilipoingia, bibi alilala"? Huyo amekuona ndiyo akalala, na hapo kuna ugomvi wa kifamilia usionihusu. Wanafunzi wetu huihamisha "alikuwa amelala" neno kwa neno kwenda Kiingereza, na mwalimu huwakata maksi, kwa kuwa umbo la Kiingereza linalofanana nalo, "had slept", husema usingizi ulikwisha kabla hujaingia. Maumbo yanafanana, kazi mbalimbali.

Upatanisho: vitenzi vyote viwili hubeba kiambishi cha kiima, yaani cha yule au kile kinachosemwa. Magunia yalikuwa yamepimwa, korosho zilikuwa zimepakiwa. "Ilikuwa wamefika" iache kijiweni.

Ukikanusha, "hawakuwa wamelipwa" husikika na sina vita nayo. Mimi huacha "kuwa" ilivyo nikakanusha kitenzi cha pili, kwa sababu -ja- inabeba na kungoja ndani yake: "Mnada wa pili ulipofunguliwa, wakulima wa mnada wa kwanza walikuwa hawajalipwa."