Mnaoanza kalamu ya wino yenye nibu laini, tazameni inavyojifunga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wadogo zangu wengi wananiuliza kuhusu hii kalamu nnayoandikia kadi za harusi, ile yenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, inayopanuka ukiikandamiza, basi leo nimekaa niseme niliyonayo maana naona vijana wanatoa hela zao wanaagiza kalamu nje halafu wiki haijesha nibu imekwenda kombo, inaniuma kwa kweli.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kila mtu akiishika kalamu hii anataka kuona inavyofunguka. Anakandamiza, ile miguu miwili ya nibu inaachana, mstari unatoka mnene, anafurahi. Mie nakwambia usitazame hapo, tazama inavyojifunga. Nibu nzuri ukiiachia tu inarudi papo hapo na mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Nibu mbovu inarudi kwa uvivu, mstari unabaki na unene pale usipoutaka. Na ile iliyokandamizwa ikapita kiasi hairudi tena, miguu inabaki wazi, hiyo imekufa. Yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, nilikuwa naandika jina la bibi harusi, Mwanakhamis, nikataka nguzo ya mwisho ya ile M iwe nene kuliko zote, nikasikia kabisa mkononi kuwa chuma kimelegea. Sikulala usiku ule na kadi zilikuwa bado mia na kitu.

Sasa sie tuliosoma chuoni kwa kalamu ya mwanzi tuna shida yetu peke yetu. Kalamu ya mwanzi imekatwa ncha yake mshazari, unene wa herufi unatokana na pembe unayoishikia, mkono hauongezi nguvu. Hii nyengine ni kinyume chake, unene wote unatokana na kukandamiza, na unakandamiza mkono ukishuka tu. Ukipanda, acha kalamu ielee juu ya karatasi. Ukikandamiza huku unapanda ncha inachoma karatasi, inanasa nyuzi, wino unaruka kwenye kadi ya watu. Na ukiandika Kiarabu kwa nibu hii, jua kuwa mistari mingi unaisukuma badala ya kuivuta, kwa hiyo mie kwa Kiarabu narudi kwenye mwanzi wangu, sijidanganyi.

Watu wanauliza kwani ya kwangu imefanywa nini. Ni nibu ya dhahabu ya 14K ya kawaida, fundi kaichonga mabegani, kapunguza kidogo huku na huku ili ipinde kwa nguvu ndogo. Lakini hapo kazi ni nusu. Chini ya nibu kuna kile kiulimi cheusi chenye mfereji mdogo unaopitisha wino, nibu ikipanuka inataka wino mwingi zaidi kwa mara moja, na kama mfereji haukuongezwa kina wino hauwahi, unapata mistari miwili pembeni na katikati kweupe, kama reli. Mie iliporudi mara ya kwanza mfereji haukuguswa, nikahangaika mwezi mzima nadhani mkono wangu ndio mbaya. Kwa hiyo ukimpa fundi kazi hii mwambie yote mawili, nibu na mfereji, na ukiona reli kabla hujailaumu kalamu jaribu kwanza kwenda polepole, yaani polepole hasa. Mara nyingi reli zinaondoka hapo hapo.

Asiye na uwezo wa dhahabu asivunjike moyo. Chukua Jinhao X450 au X750, ni kalamu rahisi, toa nibu yake utie Zebra G, ile nibu ya Kijapani ya kuchovya. Inaingia, ila mara nyengine inabidi kiulimi ukikwangue kidogo kwa wembe ili wino ushuke vizuri. Inapanuka vizuri kuliko kalamu nyingi za bei kubwa, na inarudi kwa nguvu, hilo ndilo nnalolipenda. Nibu mpya inakuja imepakwa mafuta, ipanguse kwa spiriti kabla hujaitia wino au wino utaikataa. Lakini ile ni chuma, na kwetu hapa na unyevu huu wa bahari, masika ndio usiseme, uiache ndani na wino siku chache tu utaikuta na kutu. Ioshe kila usiku, ikaushe kwa kitambaa. Ihesabu ni kitu cha kubadilisha, haina kile kichembe kigumu kinachochomelewa kwenye ncha za nibu za kalamu za wino, kwa hiyo inalika.

Wino jamani, ule wino mweusi mzito wa kuchorea wenye gundi msiutie ndani ya kalamu hii hata mkipewa bure, ukikauka kwenye mfereji hautoki. Tieni wino wa kalamu ya wino basi. Na karatasi za madaftari ya kawaida zinanyonya, wino unatambaa kama mizizi, jaribu kadi moja kabla hujamkubalia mtu mia mbili. Jengine watu hawalijui, jasho la kiganja. Ukilaza mkono juu ya kadi na joto hili mafuta ya ngozi yanabaki pale na wino ukifika unakataa kushika. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono, na feni isikupulize kalamuni, inakausha ncha.

Zoezi lenyewe: piga mistari ya penseli iliyolala nyuzi 55 ukipima kutoka mstari wa kuandikia, ndio mlalo wa Copperplate, ule mwandiko wa Kizungu wa mapambo, kisha andika neno "mimi" tu. Shuka mnene, panda mwembamba, na uanze kuachia kabla ya kufika chini, si ukishafika. Ukurasa kila siku baada ya alasiri. Mie ilinichukua miezi mitatu ndio nikathubutu kugusa kadi ya mtu, na kadi za Mfunguo mosi zikija bado naanza asubuhi kwa "mimi" mistari kumi.