Kwa Nini Muuguzi wa Houston Hulipwa Zaidi ya Muuguzi wa Hamburg

Ndugu zangu wa Tanga, mmeniuliza inakuwaje mimi na dada yetu tunafanya kazi ileile ya uuguzi, yeye Houston na mimi Hamburg, halafu yeye apate karibu mara mbili yangu, ilhali Ujerumani nayo huhesabiwa miongoni mwa nchi tajiri. Nitajibu bila kuficha, kwa sababu najua wapo vijana wanaopanga safari kwa kutegemea tarakimu walizozisikia kwenye simu.

Mshahara wangu kabla ya makato ni yuro 3,600 kwa mwezi, na kinachoingia benki ni karibu yuro 2,400. Asilimia 9.3 huenda kwenye pensheni, asilimia 7.3 na ziada kidogo kwenye bima ya afya, kisha hufuata bima ya kukosa kazi, bima ya matunzo ya uzeeni na kodi ya mapato. Juu ya hizo 3,600, mwajiri naye hulipia bima zangu kiasi kinachokaribia kile ninachokatwa mimi, kwa hiyo gharama yangu kwake inapita yuro 4,300, na sehemu kubwa ya fedha hizo haipiti mkononi mwangu kabisa.

Dada anaishi Texas, jimbo lisilo na kodi yake la mapato ya mtu binafsi, hivyo hulipa ile ya serikali kuu peke yake, na muuguzi aliyesajiliwa wa kipato cha kati nchini Marekani hupata zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Lakini mwanawe alipopasuliwa kidole tumbo, bima ya kazini ilimtaka atoe kwanza maelfu ya dola mfukoni mwake ndipo nayo ianze kuchangia, na deni hilo alilipa kwa mafungu kwa muda mrefu. Hapa mtu mzima aliyelazwa huchangia yuro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka, na mtoto hachangii hata hizo. Nikiugua, mwajiri hunilipa mshahara kamili hadi wiki 6.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba ukijumlisha yote hayo hesabu zinalingana. Hazilingani. Mtu mwenye ujuzi, afya njema na asiye na wategemezi wengi hubakiwa na fedha nyingi zaidi Marekani, na sababu kubwa ni jinsi biashara zinavyoendeshwa kule. Kampuni ya Texas ina soko la watu zaidi ya milioni 330 wanaotumia sarafu moja na, kwa sehemu kubwa, lugha moja. Umoja wa Ulaya una nchi 27 na lugha rasmi 24, na kila nchi ina kodi zake na sheria zake za kazi. Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, alilieleza tatizo hilo kwa urefu katika ripoti yake ya mwaka 2024. Marekani pia ina gesi yake yenyewe ya bei nafuu, wakati viwanda vya Ujerumani viliumia sana gesi ya Urusi ilipokatika mwaka 2022.

Kufungua kampuni ni habari nyingine. Kampuni ya kawaida yenye dhima ya ukomo hapa Ujerumani inahitaji mtaji wa yuro 25,000 na saini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka. Ipo aina ndogo inayoanza na yuro 1, lakini wenye majengo ya kupangisha na mabenki huiangalia kwa mashaka. Anayetaka kufungua saluni kamili ya nywele lazima awe na cheti cha fundi mkuu au aajiri mwenye nacho. Texas, kwa upande wake, ilifuta leseni kwa wasusi mwaka 2015, na dada zetu wengi wa Kiafrika wanaishi kwa kazi hiyo.

Wepesi huohuo wa Marekani ndio unaoumiza mambo yakiharibika. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga miji, Marekani ilipoteza ajira zaidi ya milioni 20 katika mwezi mmoja. Ujerumani serikali ililipia sehemu ya mishahara ya mamilioni ya watu waliopunguziwa saa, nao wakabaki na ajira zao. Na kwa asiye na ujuzi, mambo hugeuka kabisa: kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, nayo Texas haijaongeza kitu, ilhali Ujerumani kilikuwa yuro 12.82 mwaka 2025.

Sasa nimjibu mdogo wetu aliyemaliza uuguzi. Njia ya Marekani inapita kwenye NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya wauguzi, na foleni ya viza inayoweza kuchukua miaka. Njia ya Ujerumani inahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita, na kutambuliwa kwa cheti chake, jambo ambalo mara nyingi huambatana na mafunzo ya ziada. Kwa kuwa ana watoto wawili wadogo na anataka kuja nao, mimi ningemshauri aanze Kijerumani mwezi huu, na akipata ofa ya Marekani asisaini kabla ya kuuliza kwa maandishi bima ya familia inakata kiasi gani kila mwezi, na inaanza kulipa baada ya dola ngapi.