Usianze na matusi

Rasimu yangu ya sura ya nne ya tasnifu ilirudi na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Nilikuwa nimechukua hadithi fupi sita, nikaokota kila tusi walilotupiwa wanawake, walemavu na wafanyakazi wa ndani, nikahesabu, nikachora jedwali. Mwezi mzima huo.

Wewe unayeanza uchanganuzi hakiki wa usemi, yaani kuchunguza jinsi lugha inavyobeba mamlaka na ubaguzi, matusi waachie wasomaji, wanayaona wenyewe. Tazama sarufi. Mfano huu nimeutunga: "Mzee Sefu alirudi, hausigeli akampokea mkoba. Chai ikaletwa." Mzee ana jina na heshima yake. Msichana ana kazi tu, na sentensi ya pili hayumo kabisa. Chai kama imejileta. Hakuna tusi, ila mtu kafutwa. Sasa endelea kumfuata: anasema lini? Tunasikia maneno yake, au tunaambiwa tu kwamba "alinung'unika"?

Kisha kuna ngeli, ambazo Fairclough na van Dijk, wakongwe wa uchanganuzi huu, hawakuzihitaji kwa Kiingereza. Kipofu, kiziwi na kiwete wanabeba ki- ya vitu, lakini kwa kawaida tunasema "kipofu amekuja". Ukikuta "kipofu kimekuja", weka kalamu chini uulize nani anasema. Akiwa mhusika katili, pengine hadithi inamuumbua. Akiwa msimulizi, na hakuna anayemsuta popote, hiyo ni kesi nyingine. Mimi nilimbebesha mwandishi maneno ya mhusika wake, na kwenye utetezi nilitoka jasho.

Ila msimkamate kila aliyeandika "aliolewa". Hiyo ni sarufi yetu sote. Likisemwa kuhusu mwanamume anayeishi kwa mkewe, "huyo kaolewa", hapo lina sumu, tena inawamwagikia wawili: mume anadhihakiwa kwa kuwekwa mahali pa mwanamke.

Tangu kitabu cha Fairclough cha 1989 tunafundishwa ngazi tatu: matini, namna inavyotungwa na kupokelewa, na jamii. Wengi hugota ya kwanza. Hadithi ya miaka ya 1970 inayosema "zeruzeru" isomwe na wakati wake. Ya leo, wakati "mtu mwenye ualbino" limeshazoeleka redioni, mwandishi amechagua. Na ikiwa inasomwa darasani, uliza pia nani aliipitisha.

Nilipoanza upya nilibakiza hadithi mbili. Jedwali nililitupa. Sura ikawa ndefu zaidi.