Barua kwa mwanangu: pesa ina msimu wake

Mwanangu,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma mara mbili kabla sijaishika mimi. Umeuliza hivi: "Baba, hiyo mikopo ya kutuinua wazawa iko wapi, nipate milioni tano ninunue mashine ya kukamua alizeti?" Mikopo ipo, nitakutajia. Ila mimi ningeanza na swali jingine: pesa hiyo itakufikia mwezi gani?

Usicheke. Mashine ya shangazi yako wa Ilongero unaifahamu, ile ambayo kuku wanailalia hadi leo. Kikundi chao kilikuwa cha wanawake watano. Waliomba mkopo wa halmashauri mwezi wa tatu, wakihesabu kwamba mavuno ya mwezi wa tano na wa sita yatawakuta na hela mkononi, gunia likiwa bado rahisi. Pesa ikaingia mwezi wa kumi na mbili. Alizeti yote ilikuwa imeshaingia kwenye maghala ya watu, na aliyekuwa nayo alikuwa anauza kwa bei anayotaka. Wao wakachukua mkopo wote wakanunua chuma. Hawakubakiza hata hela ya gunia moja. Mashine ikashushwa uani, fundi akaiangalia mota, akauliza, "Umeme wa njia tatu mnao?" Nyumba ile ina njia moja, ya taa na redio.

Marejesho hayakungoja umeme. Wawili wakahamia mjini, na kwa kuwa deni la kikundi ni la kikundi, watatu wakalipa la watano. Shangazi yako aliuza mbuzi kumi na mmoja. Hakuchelewesha rejesho hata moja, na hakuna aliyempa hata asante. Mimi hilo halijanitoka.

Kwa hiyo nasema, pesa ina msimu wake. Hata isiyo na riba.

Sasa hiyo mikopo. Lile Baraza la Uwezeshaji uliloliandika, lililotokana na sheria ya mwaka 2004, kazi yake kubwa ni kuratibu mifuko ya mikopo ya serikali, kwa hiyo usikate tiketi kwenda kuomba hela pale. Kilicho karibu nawe ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tangu 2018 ni sheria, na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mkali zaidi. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kukopa wenye saini zenu, na andiko la mradi, halafu maombi yaingizwe kwenye Wezesha, mfumo wa mtandaoni wa mikopo hiyo. Vikundi vingi hukwama kwenye andiko, kwa sababu wamenakili la mwenzao hadi jina la kijiji. Afisa akifika akakuta mradi wa kuku umeandikwa kwa watu wasio na banda, faili linalala hapo hapo.

Ukitaka kukopa peke yako, SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, wana mfuko wa mikopo wa NEDF tangu 1994. Hapo riba ipo na dhamana wataitaka, ila watakusaidia na hesabu. Na usiwapite SIDO hata kama hukopi kwao: barua yao ya utambulisho ndiyo inayomwezesha mjasiriamali mdogo kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bila ada kwa miaka mitatu ya mwanzo. Bila alama hiyo mafuta yako yataishia barabarani kwenye chupa za maji.

Kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa, sitaki hata kusikia. Wakopeshaji wasiopokea amana wamewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni tano hiyo ni 175,000 kila mwezi, riba tu, na huo ndio ukomo wa wale wanaofuata sheria. Wasiofuata hukudai kwa wiki, na fomu wanakuuzia.

Ipo pia asilimia 30 ya manunuzi ya serikali inayotengewa makundi maalumu, mnajisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Nzuri. Lakini taasisi hulipa siku yake, si siku yako. Asiye na akiba ya miezi mitatu asiguse.

Rudi kwenye milioni tano. Ukizitia zote kwenye mashine umerudia ya Ilongero. Gunia la kilo 65 likitoa robo ya uzito wake ni kilo 16 za mafuta, lita 17 na nusu hivi. Mbegu ikiwa haijakauka vizuri hata hizo hupati, na mafuta hayatoki maangavu. Mashudu, yale makapi yanayobaki, ya mkamuo wa kwanza yarudishe mashineni, bado yana mafuta. Ya pili uza kwa wafugaji. Kwa hiyo nusu ya pesa iwe mbegu, inunuliwe mwezi wa sita, na mashine iwe ndogo au ya kukodi.

Hata hivyo, najibishana mwenyewe hapa. Kuna wanaokamua mbegu za watu na kubaki na mashudu kama ujira. Huyo hahitaji ghala wala hela ya mbegu, milioni tano zote zinaweza kuwa chuma na akaishi. Shangazi yako angefanya hivyo... lakini bila njia tatu angefanyaje? Wewe Dodoma njia tatu unaweza kuipata. Halafu Dodoma hiyo hiyo mashine ni nyingi, nani akuletee gunia wewe? Kikundi nacho: watano wazuri hupatikana, nimewaona, wanaojuana kwa kulima na si kwa simu. Mama yako anasema nikuache uamue. Haya, nakuacha, ingawa moyoni nina neno.

Ukienda kwa afisa, nenda sasa, usingoje mavuno. Na muulize ile kata ilipata lini mgao wa mwisho, na uliingia mwezi gani.

Shangazi yako anakusalimu. Anasema ile mashine anaiuza. Bei hajaniambia mimi, kasema atamwambia mtoto wa kaka yake tu.

Baba yako