Bunduki ya Kuwindia Elki: Nichukue Ipi?

SWALI: Shemeji yangu anayeishi Colorado, Marekani, amenialika mwezi Oktoba twende kuwinda elki, yaani wale kulungu wakubwa wa milima ya Rocky. Ana bunduki mbili za kuniazima: moja ni ya risasi za .30-06, na nyingine ni ya .300 Winchester Magnum ambayo anaisifu mno. Mimi ni mwembamba, na kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku hapa kwetu tangu 1977, uzoefu wangu wote ni wa uwanja wa shabaha. Nichukue ipi, na niiandaeje?
Msomaji, Lang'ata, Nairobi

JIBU: Chukua .30-06, na umwachie shemeji sifa zake. Elki dume hufikia kilo 300 na zaidi, uzito wa fahali aliyenona, lakini risasi hiyo, iliyoanza kutumika 1906, humwangusha vizuri ikipenya mapafu au moyo. Magnum huenda kasi zaidi, ila hupiga teke kali begani, na anayeliogopa teke hufumba macho na kuyumbisha mtutu kabla risasi haijatoka. Omba risasi za greni 165 hadi 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), za aina isiyosambaratika ikigonga mfupa.

Kwa kuwa bunduki ni ya mwenzio, anza na darubini ya kulengea iliyo juu yake. Vaa koti lile lile zito la milimani, fumba macho, weka kitako begani, kisha fumbua: ukiona duara zima lisilo na kivuli cheusi ukingoni, imekukaa. Ukilazimika kunyoosha shingo, isogezwe darubini wala si shingo, maana jicho lililokaribia mno hugongwa na darubini teke linapoirudisha nyuma, na hulipa kwa kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi. Wawindaji wengi wanalo, na wachache hukiri limetoka wapi.

Usiitegemee shabaha iliyopangwa na mtu mwingine. Irekebishe darubini hadi risasi igonge takriban sentimita 5 juu ya kitovu cha shabaha kwa umbali wa mita 90. Itafika katikati kwa mita 180, na kwa mita 270 itakuwa imeshuka karibu sentimita 20. Fanya hivyo huko huko, kwa kuwa hewa nyepesi ya mwinuko wa mita 3,000 huipunguzia risasi ukinzani, nayo hugonga juu kidogo. (Pumzi nayo itakukatika, ingawa umezoea mita 1,800 za Nairobi.) Kisha fanya mazoezi ukiwa umeketi au umepiga goti, mtutu ukiegemea shanta, kwa sababu mlimani hakuna meza ya kuegemeza bunduki kama uwanjani.

Futa mafuta mazito ndani ya bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi, kwani baridi huyagandisha na pini ya kufyatulia risasi ikagonga kwa ulegevu. Usiku toa risasi zote, na usiipeleke bunduki kwenye joto la hema: itatoka jasho ambalo alfajiri litakuwa barafu. Utepe mwembamba kwenye mdomo wa mtutu huzuia theluji.

Leseni ya uwindaji ya Colorado uwe nayo kabla hata ya kuishika bunduki hiyo uwanjani, kwa kuwa sheria ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kushika silaha asipokuwa na leseni ya namna hiyo.